Vitu Visivyovuka Tunduma

Kila kizazi katika nchi yetu kimekuwa na kitu ambacho kilikisikia habari zake tu. Kwa sisi tuliozaliwa karibu na Uhuru kitu hicho kilikuwa televisheni. Kwa wadogo zetu waliosoma sekondari miaka ya 1980 kilikuwa kompyuta. Kwa watoto wetu ni zile huduma za intaneti ambazo ukizifungua katika simu zinakujibu kwamba hazipatikani nchini mwako. Vitu vinabadilika, lakini uchungu ni uleule: kujua kwamba kitu kipo, mwenzako anacho, na wewe unakikosa si kwa umaskini peke yake bali kwa sababu ya upande wa mpaka uliozaliwa. Ningependa kuieleza historia ya uchungu huo kama nilivyoiona kutoka Mbozi Mission, maana sisi wa huku mpaka tuliuona kwa macho.

Mbozi haikuwa mahali palipojificha. Mwaka 1899 Wamoravian kutoka Ujerumani walianzisha kituo chao kwetu, na mmisionari Traugott Bachmann akajifunza Kinyiha na kukiandika. Pamoja na Injili zikaja shule, matibabu na kazi za ufundi. Baadaye sana zikaja njia kubwa. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Zambia. Barabara kuu ya kwenda huko ikawekwa lami. Kisha Wachina, pamoja na vijana wetu, wakajenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Mlowo, Vwawa na Tunduma. Shaba ikateremka kwenda bandarini, na bidhaa zikapanda. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Mtu anaweza kuoa Nakonde akalima Tunduma. Kwa hiyo sisi tulipoambiwa kuwa kitu fulani hakipo, hatukudhani kwamba hakipo duniani. Tulijua kiko ng'ambo ya kizuizi.

Tuanze na televisheni. Kule Zambia, ilipokuwa ingali Rhodesia ya Kaskazini, matangazo yalianza Kitwe mwaka 1961. Kenya walianza mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zanzibar walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na televisheni yao ilikuwa ya rangi wakati nchi nyingi tajiri zaidi zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara hatukuwa na kituo hata kimoja. Nchi moja, Rais mmoja, lakini Mtanzania wa Unguja alikuwa na televisheni na Mtanzania wa Mbozi hakuwa nayo, na hali hiyo ilidumu kwa miaka ipatayo ishirini. Mwalimu wetu mmoja alirudi kutoka Unguja akatusimulia kwamba ameona watu wakicheza mpira ndani ya sanduku, jezi zao zikiwa na rangi zake. Hatukumbishia kwa kuwa alikuwa mwalimu, lakini tulipokuwa njiani kurudi nyumbani tulicheka sana.

Sasa, ndugu msomaji, si haki kuisimulia habari hii kana kwamba waliokataa hawakuwa na sababu. Walikuwa nayo, tena nzito. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limetangaza kwamba nchi yetu ni ya wakulima na wafanyakazi. Televisheni wakati huo ingetazamwa na nani, kama si watu wachache wa mjini wenye umeme na fedha? Fedha za kigeni ambazo zingenunua masanduku hayo ndizo zilizotakiwa kununua dawa na vipuri. Redio ilikuwa jambo jingine, kwa kuwa ilifika kila kijiji kwa betri. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuisikiliza redio na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mama yangu alikuwa katika kikundi kimojawapo, na choo tulichochimba mwaka ule kilidumu miaka mingi. Siwezi kusema kwamba fedha zile zingetumika vizuri zaidi kwa televisheni.

Tena hatukuwa peke yetu. Afrika ya Kusini, nchi tajiri kuliko zote barani, haikuwa na televisheni hadi mwaka 1976. Waziri wao Albert Hertzog aliipinga kwa miaka mingi, akiogopa kwamba ingewaletea Makaburu mawazo ya nje na kuvuruga utaratibu wao wa kuwatenga watu kwa rangi. Mwalimu Nyerere alikataa kwa ajili ya usawa. Makaburu walikataa kwa ajili ya ubaguzi. Sababu zao zilitofautiana kama mbingu na ardhi.

Kompyuta ina habari yake. Ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuweka hesabu za Serikali katika mashine ulikwenda vibaya, hesabu zikavurugika, fedha zikapotea bure. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ukiutazama mwaka wenyewe unaelewa: bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla, ukame umeingia, chakula kinaagizwa kutoka nje. Nani angesema tununue mashine iliyokwisha kutuingiza hasara?

Lakini hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Kompyuta ya mwaka 1974 ilikuwa kitu cha kujaza chumba, cha bei ya kutisha, chenye kuhitaji wataalamu wa kigeni. Mwaka 1977 Apple wakaanza kuuza kompyuta ya kukaa mezani, na mwaka 1981 IBM wakatoa ya kwao. Mashine iliyokatazwa na mashine iliyokuwa inazaliwa hazikuwa kitu kimoja, isipokuwa kwa jina. Katazo letu lilikuwa limekata hukumu juu ya ile ya kwanza, likaendelea kuitekeleza juu ya ile ya pili. Vikwazo vilikuja kulegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini wakati huo wenzetu walikuwa wamekwisha kujifunza.

Je, makatazo hayo yalizuia vitu visiingie? Sisi wa mpakani tulijua jibu. Dereva wa malori alikuja na redio kaseti kubwa. Ofisa aliyerudi kutoka masomoni Ulaya alikuja na televisheni yake ndani ya mzigo wa kuhamia. Katika kijiji chetu kulikuwa na mtu mmoja mwenye televisheni ndogo na deki ya video. Ilikuwa haina kituo cha kukamata, lakini ilionyesha sinema za karate kwa nguvu ya betri ya gari. Ulipokuja msako wa walanguzi mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, wengi walitupa mali zao usiku. Yule bwana aliificha deki yake katika kihenge, chini ya mahindi, nayo ikabaki humo hadi panya wakala nyaya. Mwaka uliofuata Serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na tangu mwaka 1985 Mzee Mwinyi akaendelea kulegeza hadi akaitwa Mzee Ruksa. Panya walikuwa wamemwahi.

Kwa hiyo vitu viliingia, lakini viliingia kwa wenye njia. Tulikatazwa ili mkulima asiachwe nyuma na mtu wa mjini, na aliyekosa hasa akawa mkulima. Tena si kukosa kutazama tu. Pale Mlowo palikuwa na fundi wa redio ambaye hakupita chuo chochote. Alijifunza kwa sababu redio zilikuwepo, zikaharibika, zikaletwa kwake. Angeweza kuifungua redio akiwa amefumba macho. Vituo binafsi vya televisheni vilipoanza Dar es Salaam mwaka 1994, ITV ikiwa mojawapo, na masanduku yakaanza kufika hadi kwetu, alikuwa amekwisha kuzeeka. Aliniambia, "Mwanangu, hii ingenikuta kijana, leo ningekuwa nawafundisha wengine." Hicho ndicho nakihesabu kuwa hasara. Kipindi kilichopita bila kutazamwa hakimpunguzii mtu kitu, lakini miaka ya kujifunza hairudishwi na meli.

Siku hizi tuko katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mwenye uchungu ni mpwa wangu. Yapo mambo ambayo hatukuchelewa: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikawa imefika Tanzania, leo hata mnunuzi wa kahawa shambani analipa kwa simu. Lakini kijana huyu anachora nembo na mabango kwa kompyuta, na amepata wateja ng'ambo. Kampuni moja kubwa ya kulipana kwa intaneti ilimpokea vizuri alipotaka kulipa. Alipotaka kulipwa, ikamwambia nchi yake haimo katika orodha. "Mjomba," aliniuliza, "fedha yangu ikitoka ni halali, ikiingia ina nini?" Sikuwa na jibu.

Au chukua intaneti ya setilaiti ya Starlink. Ilifunguliwa Malawi Julai 2023 na Zambia Oktoba mwaka huohuo. Mwisho wa mwaka 2024 Tanzania ilikuwa bado haijatoa leseni. Setilaiti zenyewe zinapita juu ya Nakonde na juu ya Tunduma bila kujua tofauti. Sisi tuna kimondo hapa Mbozi, chuma cha zaidi ya tani kumi kilichoanguka kutoka mbinguni bila kibali cha mtu, hivyo tunaelewa kwamba mpaka hauko juu angani. Uko katika karatasi, nayo huandikwa na watu.

Sisemi kila mlango ufunguliwe. Huenda kampuni inaogopa wezi. Huenda wakubwa wetu wanalinda kodi au usalama. Mwalimu naye alikuwa na sababu, na nyingine naziheshimu hadi leo. Lakini kuna maswali matatu ambayo mtu aliyenyimwa ana haki ya kujibiwa: nani amekataza, kwa sababu gani, na mpaka lini? Wazee wetu walitujibu mawili ya kwanza. Tulijua ni nani, na sababu alizieleza mwenyewe. La tatu hatukujibiwa, na ndilo lililotugharimu, kwa maana katazo lisilo na tarehe ya mwisho huishi kuliko sababu yake. Mpwa wangu hajajibiwa hata moja. Ameandikiwa sentensi moja isiyo na sahihi ya mtu, wala anwani ya kumjibu.

Kwa hiyo, wanaotunga sheria zetu na wanaojadiliana na makampuni hayo kwa niaba yetu, ningewaomba jambo dogo. Kila mnapokataza, au mnapokubali tukataziwe, andikeni chini yake siku ya kulitazama tena jambo hilo. Kijana anaweza kusubiri akijua anasubiri hadi lini. Asipojua, anafungasha virago na kupanda lori la kuelekea Nakonde.