Mashua Lady Alice: michoro ya safari iliyopita Kabambare na Kasongo

Lady Alice ni mashua ya makasia na tanga, urefu futi 40, iliyotengenezwa Teddington, karibu na London, kwa safari ya Henry Morton Stanley. Ilizunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875 na Tanganyika mwaka 1876. Oktoba 1876 wapagazi waliipitisha Kabambare na eneo la Kasongo, vipande-vipande mabegani, mpaka Nyangwe. Toka pale ikabebwa tena kwenda kaskazini, na njo Novemba 1876 ikaunganishwa na kuingizwa Lualaba. Mshika usukani alikuwa Uledi. Julai 1877 iliachwa Isangila, karibu na mwisho wa safari.

Mwaka 1878 kitabu cha Stanley, Through the Dark Continent, kilitoka na michoro 150 hivi. Mafundi wa Ulaya waliitengeneza kutokana na picha na michoro ya Stanley. Fundi huchonga ubao mgumu kinyumenyume, anapaka wino, kisha anakandamiza karatasi.

Mchoro mmoja maarufu unaonyesha mapigano ya 1 Februari 1877 pale Aruwimi inapoingia kwenye mto mkubwa. Wenye mitumbwi wanaonekana kama washambuliaji tu. Lakini watu wa mto walikuwa na sababu ya kuogopa wageni wenye bunduki: pale Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, wafanyabiashara wa watumwa waliua watu wengi sokoni, Livingstone akiona.

Mwalimu anayeonyesha michoro hii darasani aulize kwanza: aliyeichora alikaa upande gani wa mto?