Sensa ya oksijeni katika gari kuukuu: mambo ya kujua kabla ya kupanda Nakuru

Magari mengi yanayotoka Pwani kwenda Nakuru na viunga vyake yaliteremshwa bandarini Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu litengenezwe. Lakini gari lililoingia na miaka saba, likakaa kwetu mingine kumi, leo lina miaka 17. Ndani ya gari la umri huo kuna kifaa kidogo, umbo lake kama plagi, ambacho wengi hatukijui mpaka taa ya injini iwake njiani. Ndiyo sensa ya oksijeni. Ikichoka, gari hunywa petroli kupita kiasi, nayo gereji nyingi huanza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha huku mwenye gari akitoa pesa.

Tuseme gari lako huenda kilomita 14 kwa lita moja, kisha likashuka hadi 11. Safari ya Mombasa hadi Nakuru, yapata kilomita 640, itakula lita 12 zaidi, kwenda tu. Kwa mwenye gari la biashara, au mzazi anayempeleka mtoto Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, hizo si pesa za kutupa.

Kazi yake ni nini

Ili petroli iungue vizuri, injini huhitaji gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi. Sensa ya oksijeni hufungwa kwenye bomba la moshi, karibu na injini, na kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua. Kompyuta ya gari hupokea habari hiyo na kuongeza au kupunguza petroli papo hapo.

Ndani yake kuna kauri ya zirkonia iliyopakwa platinamu. Upande mmoja hupigwa na moshi, upande wa pili hugusa hewa ya nje. Kauri ikipata moto wa zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzaa umeme mdogo. Mchanganyiko ukiwa mzito umeme hufika karibu volti 0.9, na ukiwa mwepesi hushuka karibu volti 0.1. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuiunda kwa magari, na gari la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa Volvo, mwaka 1976.

Magari mengi yana sensa mbili. Ya mbele ndiyo inayoongoza kiasi cha petroli. Ya nyuma huja baada ya katalitiki, lile kopo lenye masega ndani yake linalosafisha moshi, nayo huangalia kama kopo hilo bado linafanya kazi.

Kupanda kutoka pwani hadi Bonde la Ufa

Mombasa iko usawa wa bahari. Nakuru iko kama mita 1,850 juu yake, na barabara ya Eldoret inapopita Timboroa huvuka mita 2,700. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ni asilimia 21 kila mahali, lakini hewa yenyewe huwa nyepesi. Nakuru ina hewa pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na Timboroa upungufu hupita robo.

Gari la kabureta, mfano wa zile Peugeot 504 za zamani, halijui kwamba limepanda. Huendelea kumwaga petroli karibu ile ile kwenye hewa iliyopungua, na matokeo yake ni moshi mweusi. Gari lenye nozeli na kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza petroli, kisha sensa ya oksijeni husahihisha kilichobaki. Ndiyo maana sensa mbovu inaweza kufichika Likoni na Kilifi, ikajionyesha Gilgil.

Lakini tusiisingizie. Injini isiyo na tabo lazima ipoteze nguvu mlimani kwa sababu hewa ni kidogo. Gari kuwa zito kidogo kwenye vilima baada ya Salgaa ni maumbile, halina ugonjwa. Ugonjwa ni pale linaposhtuka-shtuka, linapotoa moshi mweusi, linapotetema likisimama, au petroli inapoisha kabla ya wakati hata kwenye barabara tambarare.

Kinachoiua

Sensa isiyo na kipasha moto, yenye waya mmoja au mbili, hudumu kilomita 50,000 hadi 80,000. Yenye kipasha moto, nyaya tatu au nne, huweza kufika 160,000. Hiyo ni kama injini ni nzima. Yafuatayo huipunguzia maisha:

Injini inayokula oili. Moshi wa buluu huacha majivu juu ya sensa. Kubadilisha sensa bila kutibu injini ni kazi bure.

Maji ya rejeta yanayovuja ndani ya injini. Kemikali zake huziba kauri.

Gundi ya gasketi isiyofaa. Ile yenye silikoni ya kawaida hutoa mvuke unaoua sensa. Mwambie fundi atumie iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa.

Mafuta yaliyochanganywa. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulifika mahali ambapo serikali, mwaka 2018, iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Mchanganyiko huo huungua vibaya na kuacha masizi. Risasi, iliyokuwa adui mkubwa wa sensa, iliondolewa katika petroli ya nchi za Kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006.

Chumvi ya bahari. Hili ni letu sisi wa pwani. Kutu hutoboa bomba la moshi na kula vichwa vya nyaya. Tundu dogo mbele ya sensa huvuta hewa ya nje, sensa ikadhani mchanganyiko ni mwepesi, kompyuta ikaongeza petroli isiyohitajika. Hapo sensa haina kosa lolote, imedanganywa.

Kuipima kabla ya kununua

Taa ya injini ikiwaka, peleka gari likasomwe kwa mashine, na uandike namba inayotoka. P0135 ni kipasha moto cha sensa ya mbele, P0141 ni cha nyuma. P0171 maana yake mchanganyiko ni mwepesi, P0172 ni mzito, na P0420 ni katalitiki kushindwa kazi. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani na vile visomeo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu, kwa hiyo tafuta fundi mwenye mashine inayosoma aina ya gari lako.

Namba hiyo huonyesha pa kuanzia kutafuta. Haisemi kipuri gani kimekufa. Kwa P0135, angalia fyuzi na waya kwanza, kisha upime kipasha moto kwa mita ya umeme. Kizima huonyesha omu chache, kwa kawaida zisizozidi 20 au karibu na hapo. Kilichokatika hakionyeshi njia kabisa. Kwa P0171, sikiliza bomba la moshi asubuhi injini ikiwa baridi, na ukague paipu za hewa zilizopasuka. Jambo jingine linalowachanganya hata mafundi ni plagi au koili iliyokufa. Silinda isiyowaka hutema petroli mbichi pamoja na oksijeni ambayo haikutumika. Sensa huiona oksijeni hiyo na kusema mchanganyiko ni mwepesi, ilhali bomba linanuka petroli. Basi anza na plagi, koili na kichujio cha hewa.

Kuipima sensa yenyewe, pasha injini moto, ipandishe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, kisha uangalie volti zake. Nzima hupanda na kushuka mara kadhaa ndani ya sekunde 10. Iliyozeeka hujikokota, iliyokufa husimama mahali pamoja. Kipimo hiki si cha magari yote: baadhi ya yale ya miaka ya 2000 na kuendelea yana sensa ya mbele ya aina nyingine, ambayo volti zake husomwa kwa njia tofauti. Muulize fundi kabla ya kuhukumu.

Kuibadilisha

Sensa ya kauri haisafishwi kwa brashi ya waya wala kwa moto wa gesi. Anayekuambia ataichoma irudi kuwa mpya anakununulia siku chache tu. Itolewe bomba likiwa na uvuguvugu, baada ya kupakwa mafuta ya kulegeza kutu, kwa spana ya milimita 22. Grisi ya kuzuia kutu ipakwe kwenye nyuzi pekee, isiguse ncha. Sensa nyingi huvuta hewa yao ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya, kwa hiyo waya usijazwe risasi ya kuunganishia wala grisi. Linganisha namba ya kipuri na ile ya zamani, na iliyotolewa kwenye gari la skrepu iache, maana nayo imezeeka kama yako.

Kopo lisitolewe

Mchanganyiko mzito ukiachwa muda mrefu huunguza katalitiki, na hapo ndipo huja ushauri wa kukata kopo na kuweka bomba tupu. Ndani ya kopo kuna platinamu, paladi na rodi, madini ya bei. Anayejitolea kukuondolea bure ana sababu yake. Bila kopo hilo, kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, hutoka kwa wingi, na bomba lenye kutu likivuja chini ya sakafu, wanaoivuta kwanza ni abiria wako. Nakuru yenyewe imelala bondeni kati ya Menengai na ziwa, na magari yanayopita hapo ni mengi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya safari ya bara, kagua kutu kwenye bomba la moshi, badilisha plagi zilizochakaa, na taa ya injini ikiwaka isomwe hapa hapa nyumbani. Bei ya sensa moja ni ndogo kuliko ya katalitiki, nayo pumzi ya watoto waliokaa kiti cha nyuma haina bei.