Mavi ya Chuma kama Hati ya Kihistoria: Spektrometria ya Tungamo na Masalia ya Uyeyushaji Chuma Ufipa

1. Usuli

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, yangali yakionekana masalia ya matanuri marefu ya udongo wa kichuguu. Kwa Kifipa tanuri hilo huitwa ilungu, na kwa wingi malungu. Lilikuwa na kimo cha takribani mita 3, nalo lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma ghafi kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto. Kazi hii ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, baada ya chuma cha kigeni kuenea.

Greig (1937) na Wise (1958) waliandika hatua za kazi na miiko yake. Mapunda (1995) aliichunguza kwa jicho la akiolojia, naye Barndon (2004) alifafanua ishara zake, hususan tanuri kufananishwa na bi harusi. Hata hivyo, swali moja la kiuchumi halijibiwi na maelezo ya miiko na ishara pekee: mbale ya kila tanuri ilichimbwa wapi, na chuma chake kilifika kwa nani? Makala haya yanadai kuwa sehemu ya jibu imo katika mavi ya chuma, mradi yasomwe pamoja na kumbukumbu za wazee.

2. Mbinu na mipaka yake

Chombo cha kwanza cha Francis Aston cha kutenganisha isotopu kwa tungamo kilikamilika mwaka 1919. Mwaka 1980 Robert Houk na wenzake walichapisha njia ya kutumia plazima ya agoni kama chanzo cha ioni. Sampuli iliyoyeyushwa kwa asidi hupulizwa ndani ya plazima yenye joto la maelfu ya nyuzi. Atomi hugeuka ioni, kisha hutengwa kwa tungamo na kuhesabiwa. Hivyo hupimwa hata elementi iliyomo kwa sehemu moja katika bilioni.

Mbale inapoyeyuka, elementi hugawanyika. Nikeli, kobalti na aseniki hufuata zaidi chuma. Lanthani, thoriamu na urani hubaki katika mavi. Kwa kuwa uwiano wa elementi hizo hutofautiana kati ya machimbo na machimbo, mavi huhifadhi alama ya mbale yake.

Alama hiyo, hata hivyo, si safi. Ukuta wa tanuri huyeyuka kwa kiasi fulani na kuingia katika mavi, na majivu ya makaa huongeza kalisi, potasiamu na strontiamu. Mtafiti anayepima mavi pekee huenda akadhani anasoma mbale, kumbe anasoma kichuguu. Ni lazima apime pia udongo, mbale na majivu ya miti iliyotumika. Na anayeweza kumwonyesha shimo la mbale na aina ya mti ni mwenyeji aliyerithi habari hizo.

3. Mazingira na afya

Mbinu hiyohiyo hupima elementi katika udongo, maji, nafaka na kucha za binadamu. Panapolimwa mahindi au ulezi juu ya mabaki ya matanuri, ni halali kuuliza iwapo manganizi au aseniki imezidi ile ya udongo wa jirani. Makala haya hayadai kuwapo kwa madhara. Yanadai kuwa kipimo kitangulie hofu na pia kitangulie uhakikisho.

4. Hitimisho

Mavi ya chuma hayaozi, lakini lundo huvurugwa na jembe, na kipande kilichoondolewa mahali pake hakina tena tanuri la kukitolea ushahidi. Wazee nao hawadumu. Kwa hiyo kuandika mahali pa kila lundo, pamoja na maelezo ya wenyeji, kutangulie safari ya maabara. Mashine inaweza kusubiri. Wazee na malundo haviwezi.