Maziwa mabichi na mtindi katika historia ya Rudewa

Watu wazima wengi duniani hawavumilii maziwa mabichi. Katika tambarare ya Rudewa, karibu na mji wa Kilosa, suala hilo limefungamana na historia ya mbung'o. Wakaguru na Wasagara wa wilaya ya Kilosa waliishi kwa jembe, wakilima mtama na baadaye mahindi. Mbuzi na kondoo walikuwapo, lakini penye vichaka vya mbung'o nagana iliua ng'ombe, hivyo maziwa hayakuwa chakula cha kila siku kwa kaya nyingi.

Kwa Waparakuyo, jamaa wa Wamasai kwa lugha na desturi, mambo yalikuwa kinyume. Jamii hiyo, ambayo majirani waliiita Wakwavi, ilifika sehemu hizo katika karne ya 19, na maziwa ndiyo yaliyowalisha. Kukamua na kuuza ilikuwa kazi ya wanawake, nao walibadilishana maziwa na nafaka za wakulima. Kisha ukaja mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta katika koloni la Wajerumani mwaka 1893. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ikasogezwa hadi Kimamba na Kilosa, na mashamba ya mkonge yakavuta vibarua wa makabila mengi, kila mmoja na tumbo alilolizoesha kwao. Ujirani wa wafugaji na wakulima haukuwa wa soko tu. Ugomvi wa ardhi na malisho uliua watu 38 huko Rudewa Mbuyuni mnamo Desemba 2000.

Tofauti ya matumbo haitokani na uimara wa mtu, ingawa wafugaji wengine hupenda kuamini hivyo. Mtoto mchanga ana kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kwa watu wengi laktasi hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, ikavuta maji na kuchachushwa na bakteria, na hapo ndipo tumbo hujaa gesi, husokota na kuharisha. Mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukionyesha mabadiliko ya vinasaba yanayoiacha laktasi ifanye kazi hadi uzeeni. Badiliko lililoenea Tanzania na Kenya si lile la Wazungu. Lilizuka peke yake, ndani ya miaka elfu chache iliyopita, ufugaji ulipokuwa ukienea. Ajabu ni kwamba karibu nusu ya Wahadzabe waliopimwa waliyamudu maziwa, ingawa wao ni wawindaji na warina asali.

Kabla ya maabara kulikuwa na kibuyu. Wafugaji hukisafisha kwa kijinga cha moto, humimina maziwa na kuyaacha yagande. Bakteria wa mtindi hula sehemu ya laktosi, ndiyo maana anayesumbuliwa na maziwa mabichi mara nyingi hunywa mtindi salama.

Mzio ni jambo jingine kabisa. Hapo kinga ya mwili huishambulia protini ya chakula kana kwamba ni adui: mwili huwasha, midomo huvimba, na pumzi inaweza kuziba. Katika jaribio la mwaka 1921, daktari Carl Prausnitz alidungwa katika ngozi yake seramu, yaani majimaji ya damu yaliyoondolewa chembe, ya mwenzake Heinz Küstner, mwenye mzio wa samaki, na sehemu ile ikavimba dondoo la samaki lilipodungwa hapo. Kwa mwenye mzio wa maziwa mtindi si kimbilio, kwa kuwa protini ile ile imo.

Kinachotolewa na seli za mwili wakati wa mzio ni pamoja na histamini, na histamini hiyo hiyo yaweza kuingia na chakula. Jodari au vibua wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria huizalisha ndani ya nyama yao. Mlaji huiva uso, huumwa kichwa na kuota vipele muda mfupi baada ya kula, na wengi hudhani ni mzio. Dalili hizo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja, na mtu huyo aweza kula samaki wa aina ile ile akiwa hajaharibika bila kudhurika. Kupika hakuondoi histamini iliyokwisha kutengenezwa. Kinachozuia ni barafu tangu samaki anapotoka majini.