Asili na Maana ya Neno "Imla" katika Msamiati wa Utawala

Neno imla lina matumizi mawili katika Kiswahili. Shuleni ni zoezi ambalo mwalimu husoma kwa sauti na wanafunzi huandika anachokisema. Katika siasa, utawala wa imla ni utawala wa mtu mmoja ambaye amri yake haihojiwi. Maana ya kwanza imetoka moja kwa moja katika Kiarabu. Ya pili haielezeki hivyo, kwani Waarabu wenyewe huuita utawala wa aina hiyo istibdad au, kwa kukopa kutoka Ulaya, diktaturiyya.

Katika Kiarabu cha kale imla haikuwa na harufu ya uonevu. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inayohusu uandishi wa deni, inamtaka mdaiwa ndiye amtamkie mwandishi. Asipoweza, msimamizi wake afanye hivyo kwa uadilifu. Anayetamka, basi, ni yule ambaye maandishi yatambana, kinyume kabisa cha mtawala ambaye maneno yake huwabana wengine. Wanazuoni nao walisomesha kwa vikao vya imla, na as-Sam'ani, aliyefariki mwaka 1166, alitunga kitabu kizima kuhusu adabu zake.

Maelezo yenye nguvu zaidi yanatoka Roma. Cheo cha dictator kina undugu na kitenzi cha Kilatini dictare, ambacho pia humaanisha kumtamkia mwandishi. Kilikuwa cheo halali cha dharura chenye ukomo wa miezi 6, hadi Sulla alipouvuka mpaka huo na Caesar akapewa cheo hicho kwa maisha mwaka 44 KK. Inaelekea Kiswahili, kikiwa tayari na imla ya darasani, kiliutafsiri undugu huo, ingawa hakikuacha kukopa udikteta.

Tofauti ya neno hili na dhuluma ni ya msingi. Watunzi wa kamusi za Kiarabu huieleza dhuluma kuwa ni kuweka kitu mahali pasipo pake. Neno hilo hupima tendo. Imla hupima njia: nani anasema, na nani anaandika tu. Anayeyatumia maneno haya kama visawe huficha jambo zito. Bunge lililochaguliwa kwa haki laweza kupiga kura na kuwadhulumu wachache pasipo imla yoyote, na mtawala anayewagawia wakulima ardhi nzuri bila kuwauliza bado anatawala kwa imla. Darasani, vilevile, mwanafunzi hupata alama zote kwa kuandika sawasawa sentensi aliyosomewa, hata ikiwa ni ya uongo.