Jeep za Vita ya Pili ya Dunia Hazikuwa na Indiketa, na Yale "Macho ya Paka" Nyuma Yaliokoa Watu

Tazama vizuri nyuma ya Jeep ya jeshi la Marekani ya miaka ya 1941 hadi 1945. Kuna kitu hakipo: indiketa. Yaani hakuna kabisa. Dereva akitaka kukata kona alitoa mkono nje, na kwa kuwa gari lenyewe halikuwa na milango ya maana, hapo hakupata shida. Willys na Ford walitengeneza zaidi ya laki sita za namna hiyo.

Usiku ndipo kazi ilipoanza. Vitani taa ni usaliti, rubani wa adui akiona mstari wa taa barabarani ameshajua msafara uko wapi. Lakini ukizima zote, lori la mbele likikanyaga breki ghafla, la nyuma linalivaa. Watu wanakufa bila hata risasi moja kupigwa.

Jibu la Wamarekani lilikuwa taa ndogo nyekundu za nyuma, maarufu kama macho ya paka. Mwanga wake ulikuwa hafifu, ila ujanja ulikuwa kwenye vitundu vyake. Dereva wa nyuma akiona jozi mbili za vidoa, yuko chini ya mita 18, amesogea mno. Akiona jozi moja, yuko sawa. Vikiungana vikawa kidoa kimoja tu, ameshapita mita 55 na anaachwa. Taa ikawa rula! Waingereza wao walipaka rangi nyeupe difu ya nyuma, wakaweka kataa kadogo chini ya gari ka kuimulika. Wa nyuma anafuata difu tu.

Waliozitegemea taa hizi kuliko wengi ni madereva wa Red Ball Express, misafara iliyobeba mafuta, risasi na chakula kuvuka Ufaransa kuanzia Agosti 25 hadi Novemba 16, 1944. Karibu robo tatu yao walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi lililowatenga kwa rangi. Sheria ilisema kilomita 40 kwa saa na mita 55 kati ya lori na lori. Mstari wa mbele ulikuwa unawasubiri, kwa hiyo wengi walichezea kidhibiti mwendo na kukanyaga mafuta. Hebu fikiria: usingizi umekushika, giza totoro, mzigo nyuma yako ni petroli, na unachokiona mbele ni vidoa viwili vyekundu. Majenerali wa vita ile wana sanamu. Wengi wa jamaa hawa hata majina yao hayatajwi.

Leo Jeep hizo ziko mikononi mwa wakusanyaji, na kizaazaa kipo palepale. Taa za kawaida zikiwashwa, nyuma inawaka ya kushoto peke yake, ya kulia ilikuwa ya gizani tu. Mwenye gari la kisasa anaona kidoa kimoja chekundu na kudhani ni pikipiki, anataka kupita. Umeme nao ni volti 6, mwanga wa kuombea. Ndiyo maana wengi wanafunga indiketa za kubandika kwa sumaku. Siku ya maonyesho wanazibandua, mkono unarudi kazini.