Herufi, Mizani na Gazeti: Taarikh ya Kusoma katika Nchi ya Musoma

Mwenye kutaka kuijua taarikh ya kusoma na kuandika katika Kiriba na vijiji vingine vya Majita, kule ambako nchi ya Musoma hujitokeza ndani ya Ziwa Viktoria mpaka ikawa jirani ya Ukerewe kwa njia ya maji, hatafika mbali akianzia kwenye kuta za madarasa peke yake, kwa maana herufi ziliwafikia watu wa upande huu kwa njia nyingi kabla hazijawa amri ya serikali, na kila njia ilikuja na lugha yake na haja yake. Nia yangu ni kuzifuata njia hizo, na hasa kuonyesha kwamba utafiti uliofanywa katika mikoa ya ziwa juu ya namna mtu mzima ajifunzavyo kusoma uligundua jambo lenye thamani kubwa, kisha jambo hilo likaachwa nusu ya njia.

Njia ya kwanza ilikuwa ya dini. Mapadri wa shirika la White Fathers walijenga Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911, na mwaka 1934 Wamenoni kutoka Marekani wakafika Shirati. Hawa na wenzao wa madhehebu mengine walifundisha herufi ili waumini wasome sala na Injili, na kwa kuwa neno la Mungu lilitakiwa liingie moyoni, lugha za nyumbani zilipewa heshima ya kuandikwa, Kijita kikiwa miongoni mwao. Serikali ya Waingereza, kwa upande wake, ilitaka makarani na wasaidizi wa machifu, na shule zake za msingi zilifundisha kwa Kiswahili. Mwaka ule ule wa 1934 mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mwenye umri wa miaka 12, alitoka Butiama akaingia shule ya Mwisenge mjini Musoma, na mtoto huyo aliyelelewa kwa Kizanaki ndiye aliyekuja baadaye kuzitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Wengi hutoa mfano wake kuthibitisha kwamba lugha ya nyumbani si kizuizi. Mimi nauona ushahidi huo kuwa dhaifu, kwa sababu akili ya nadra haiwezi kuwa kipimo cha darasa zima.

Njia ya pili, ambayo vitabu vya elimu aghalabu huisahau, ilikuwa ya pamba. Wakulima wa upande wa ziwa waliuza pamba yao kwa wanunuzi wenye mizani, na mkulima asiyejua tarakimu alisimama mbele ya mizani ile bila hoja wala shahidi. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya mfanyabiashara ili uzito usomwe mara mbili. Kutoka katika dai hilo dogo la haki vikachipuka vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana katika shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, katika nchi hii hii ya Mara. Hapo watu wengi waliona kwa macho yao kwamba kusoma si pambo la wasomi, ila ni ngao ya mwenye mali yake.

Jambo hilo hilo ndilo lililochukuliwa na watafiti miaka kumi na kitu baadaye. Mawaziri wa elimu wa dunia walipokutana Teheran mwaka 1965, walikubaliana kwamba kisomo kifungamane na kazi ya mtu, na UNESCO pamoja na Umoja wa Mataifa wakaanzisha majaribio katika nchi 11. Tanzania ilikuwa mojawapo, na uwanja wake, kuanzia mwaka 1968, ulikuwa mikoa minne ya ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Ziwa Magharibi na Mara, makao yake yakiwa Mwanza. Kikaitwa kisomo chenye manufaa, na madarasa yake wananchi wakayaita ngumbaru. Badala ya kuanza na a, e, i, o, u zisizokuwa na mwili, kitabu cha mwanzo kilishika neno la kazi ya msomaji mwenyewe, likiwa la pamba, la migomba, la ng'ombe, la uvuvi au la mapishi ya nyumbani, likavunjwa silabi kwa silabi, na silabi zile zikaungwa upya zikazaa maneno mengine; na somo la kitabuni likaambatana na shamba la mfano, ambako bwana shamba alionyesha kwa jembe kile kilichosomwa kwa macho. Walimu wengi hawakuwa walimu wa kazi: walikuwa watu waliomaliza shule ya msingi, wakijitolea kwa bahashishi ya shilingi 30 kwa mwezi, na mbele yao wakaketi wanafunzi ambao wengi wao walikuwa wanawake, waliokuja jioni baada ya shamba, maji na kuni.

Utafiti wa mradi huo ulipima mambo mawili kwa pamoja, nami nastaajabu jinsi mawili hayo yalivyokuja kutenganishwa baadaye: kwanza, je, mtu amejua kusoma, pili, je, kusoma kumembadilishia nini katika kazi na maisha. Tathmini kuu iliyotolewa mwaka 1976 ilikiri waziwazi kwamba mpango wa dunia ulielemea mno upande wa uzalishaji, kana kwamba mkulima hana lingine la kusoma ila habari za mbolea. Wakati huo huo, katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mjini Dar es Salaam, Budd Hall na wenzake walikuwa wameanza kuyatilia shaka madodoso yao wenyewe, wakaona kwamba mwanakijiji anayeulizwa maswali yaliyotungwa mbali hujibu kwa adabu tu, ilhali akishirikishwa katika kuyatunga maswali hufichua maarifa yake. Na utafiti shirikishi, ambao leo unasomeshwa katika vyuo vingi vya dunia, ulipata sehemu ya mizizi yake hapo.

Matokeo ya jumla yalikuwa makubwa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawajui kusoma. Rais Nyerere, yule mtoto wa Butiama, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ukaonyesha wasiojua wamebaki asilimia 39, na kwa hesabu za serikali mwaka 1986 hawakufika kumi katika mia. Na kwa kuwa msomaji mpya asiye na cha kusoma husahau upesi, mikoa ya ziwa ilipata mwaka 1974 gazeti lake la vijijini, *Elimu Haina Mwisho*, na maktaba za vijiji zikafunguliwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa tendo la hekima kuliko yote, na lilipopungukiwa karatasi na fedha katika miaka migumu iliyofuata, hasara yake ilikuwa kubwa kuliko ya kufungwa kwa darasa, maana darasa lingeweza kufunguliwa tena.

Ikawa bahati ya mji wa Musoma kwamba Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana huko Novemba 1974 na kutoa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo Novemba 1977. Watoto wakamiminika kuliko walimu waliokuwapo, hata vijana wa darasa la saba kwa makumi ya maelfu wakafunzwa ualimu vijijini, wakifundisha huku wakijifunza kwa radio na kwa masomo ya posta. Siwalaumu, kwani walibeba mzigo ambao nchi tajiri zaidi hazikuwahi kuubeba kwa kasi ile. Walakini mbinu ya kumfundisha msomaji kuisoma silabi kwa maana yake, ambayo ngumbaru iliijaribu kwa subira, haikupata nafasi katika madarasa yaliyojaa, na kuimba herufi za ubaoni kwa pamoja kukashika mahali pake.

Miaka mingi ikapita kabla kipimo hakijarudi. Tathmini ya Uwezo ilipoanza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 2010 na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, iligundua kwamba mtoto mmoja katika kila watano waliomaliza darasa la saba hakuweza kuisoma kwa Kiswahili. Serikali ikarudisha mkazo wa kusoma, kuandika na kuhesabu katika mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, na mpango wa EQUIP-Tanzania ukaifikia Mara kwa mafunzo ya walimu na maandalizi ya watoto kabla ya darasa la kwanza. Tathmini za mpango huo zililigusa jambo ambalo walimu wa Majita wanalijua tangu zamani, kwamba mtoto ambaye nyumbani hazungumzi Kiswahili huanza safari akiwa nyuma, kwa sababu anaombwa aifumbue herufi na lugha kwa wakati mmoja.

Nasema haya nikiwa mpenzi wa Kiswahili, nikijua kwamba ndicho kilichompa mvuvi wa Kiriba na mfugaji wa Butiama kinywa kimoja. Hata hivyo Aniceti Kitereza, wa Ukerewe ng'ambo ya maji, aliimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, na ikambidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ili ichapishwe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na katika mazingira hayo hayo lugha za Mara zilibaki karibu miaka yote hiyo nje ya elimu ya herufi, isipokuwa makanisani. Ni katika karne hii tu ambapo wanaisimu wa shirika la SIL waliofanya makao Musoma walikaa na wenyeji kutengeneza au kurekebisha maandishi ya Kizanaki, Kiikizu, Kikabwa, Kikwaya, Kijita na nyinginezo, wakakuta tofauti ambayo mwalimu wa darasa la kwanza angepaswa kuambiwa siku ya kwanza ya kazi: Kijita na Kikwaya zina irabu tano kama Kiswahili, lakini Kizanaki kina saba. Mtoto wa Kiriba akisomeshwa irabu za Kiswahili anazikuta zile zile alizonyonya kwa mamaye, bali wa Butiama anapewa herufi tano kwa sauti saba ambazo sikio lake huzipambanua barabara, na akikosea huhesabiwa kuwa mzito wa kuelewa. Vipimo vya taifa huwaweka wote wawili katika safu moja ya asilimia. Utafiti utakaowatenganisha, ukampima kila mmoja kwa lugha ya mama na kwa Kiswahili, kisha ukauliza kama ulivyouliza mradi wa mwaka 1968 kusoma kumemfaa nini, unaweza kufanywa katika wilaya tatu za Mara, yaani Musoma, Bunda na Butiama, ambako lugha za irabu tano na za irabu saba zinapakana.